Mama kashiba, mwana kadumaa: uchambuzi wa kisa cha kondo la nyuma la kondoo mchanga

Kondoo jike wa miezi minane hivi, ambaye mwenyewe bado anakua, anapandikizwa kiinitete kimoja tu. Tangu hapo analishwa mpaka anasaza. Chakula hakina hila yoyote: ni kilekile anachopewa mwenzake, ila mwenzake anapimiwa na huyu hapimiwi. Anaongezeka uzito haraka, mgongo unajaa mafuta, na yeyote anayempapasa mbavu atasema huyu atazaa mwana wa nguvu. Siku zinawadia, mara nyingi mapema kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na mwana anayezaliwa ni mwepesi kwa karibu theluthi moja kuliko mwana wa yule aliyepimiwa. Kondo la nyuma linalofuata ni dogo kupita kawaida. Kiwele nacho kina dang'a haba.

Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi. Jacqueline Wallace na wenzake, katika taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskoti, wamekifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Kupandikiza kiinitete si mbwembwe za maabara. Viinitete hutoka kwa kondoo wakubwa waliopandwa na dume mmoja, na kila kondoo mchanga hupewa kimoja. Hivyo hakuna mapacha wa kugawana nafasi, na tofauti za kurithi zimebanwa sana. Kinachobaki kutofautiana ni kiasi cha chakula anachokula mama. Ndiyo maana matokeo yake ni magumu kuyakwepa kwa visingizio.

Maelezo ya kwanza yanayomjia mtu ni kwamba mama mchanga anajikuza mwenyewe na kumnyima mwana. Si uongo, lakini hayatoshi, kwa sababu damu ya mama huyu haikosi kitu. Glukosi na insulini zake ziko juu kuliko za mwenzake. Mwishoni mwa mimba, upande wa pili wa kondo, kijusi kina upungufu wa glukosi na wa oksijeni. Chakula kipo, hakivuki. Kwa hiyo shauri linahamia kwenye kivuko chenyewe, na hapo ndipo habari ya mishipa ya damu inapoanza.

Kondo la kondoo lilivyo

Kondo la kondoo si pande moja kama la binadamu. Ukutani mwa uterasi kuna vinundu 80 hadi 100 hivi, viitwavyo karunkuli, navyo vipo hata kabla ya mimba. Utando wa kijusi ukivigusa, huota kotiledoni mkabala navyo. Karunkuli moja na kotiledoni yake vikishikamana, pamoja huitwa plasentomu. Karunkuli ya kondoo imebonyea kama bakuli, na vijitawi vya kotiledoni huzama ndani yake. Damu mbili zinapita karibu sana bila kuchanganyika. Oksijeni na glukosi huvuka, lakini kingamwili za mama hazivuki kabisa, ndiyo maana mwanakondoo anategemea dang'a kwa uhai wake. Uhaba wa dang'a nilioutaja hapo juu, basi, ni pigo la pili kwa mwana aliyekwisha kuzaliwa mdogo.

Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi. Kondo hukua mapema na kwa pupa: uzito wake hufikia kilele karibu siku ya 75 hadi 80, yaani katikati ya safari, wakati kijusi chenyewe hakijafika hata nusu kilo. Baada ya hapo tishu haiongezeki uzito, lakini mishipa ndani yake inaendelea kupanuka na kutanda, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa kuzaliwa huja katika theluthi ya mwisho. Damu inayopita kwenye uterasi ya kondoo mkomavu hupanda kutoka makumi ya mililita kwa dakika kabla ya mimba hadi kuzidi lita moja kwa dakika karibu na kuzaa.

Pande mbili za plasentomu hazifuati njia moja. Kwa mama, kapilari (vijishipa vyembamba kabisa vya damu) za karunkuli huongeza uwezo wake zaidi kwa kutanuka. Kwa kijusi, kapilari za kotiledoni hugawanyika na kuchipua, zikawa nyingi na nyembamba. Mengi ya haya yalipimwa na kundi la Lawrence Reynolds na Dale Redmer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, Marekani, watu waliotumia miaka mingi kuhesabu kapilari kwenye vipande vyembamba vya kondo chini ya hadubini. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo tungekuwa tunazungumzia mishipa kwa kukisia.

Nani anayeiambia mishipa ikue

Mshipa wa damu hauchipui kwa hiari yake. Seli za kondo hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo husafiri umbali mfupi na kushika kipokezi kwenye seli zinazotanda ndani ya mshipa. Kipokezi kinachobeba kazi kubwa ni VEGFR-2. Kikishikwa, seli ya mshipa hulegeza mshiko wake kwa jirani, hugawanyika, na baadhi hutangulia kuelekea upande ambako VEGF ni nyingi. Kuna kipokezi cha pili, VEGFR-1, ambacho hushika VEGF kwa nguvu lakini hupeleka agizo dhaifu. Protini ndugu iitwayo PlGF hushika hicho cha pili tu, na kwa kukijaza huiacha VEGF nyingi zaidi iende kwa VEGFR-2.

Kando yake kuna angiopoietini mbili, zote zikitumia kipokezi Tie-2. Angiopoietini-1 hutuliza mshipa na kuukaza. Angiopoietini-2 huulegeza. Kulegezwa kwenyewe si kujenga wala kubomoa: VEGF ikiwepo, mshipa uliolegezwa huchipua, na isipokuwepo, mshipa uleule hunyauka. Ndiyo maana kuitazama VEGF peke yake kunapotosha.

Halafu ipo nitriki oksidi, gesi inayotengenezwa na kimeng'enya eNOS ndani ya ukuta wa mshipa. Hulegeza misuli ya ateri ili damu ipite kwa wingi. VEGF huongeza eNOS, na nitriki oksidi nayo husaidia VEGF kufanya kazi yake. Zaidi ya hapo, damu inayokwenda kasi husugua ukuta wa mshipa, na msuguano huo huchochea eNOS zaidi. Huu ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na jambo hilo litatusumbua baadaye.

Siku ya 81

Kundi la Wallace na lile la Redmer walishirikiana kutazama makondo ya kondoo wachanga siku ya 81 ya mimba, wengine wakiwa wamelishwa bila kipimo na wengine kwa kiasi. Walichoona ndicho kiini cha kisa hiki. Vijusi havikutofautiana kwa uzito. Mtu aliyekuja na mizani peke yake angeandika kwamba mambo yote ni shwari. Lakini mRNA, yaani nakala ya agizo la jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini, ya VEGF, ya angiopoietini-1, ya angiopoietini-2 na ya eNOS ilikuwa imeshuka kwenye plasentomu za walioshibishwa.

Nasoma picha hiyo hivi. Kama VEGF ingeshuka huku angiopoietini-2 ikibaki juu, tungetarajia mishipa iliyokwisha kujengwa ianze kunyauka. Hapa zote zimeshuka pamoja, ya kulegeza na ya kukaza, na kimeng'enya cha kutanua kimeshuka nazo. Hiyo haifanani na ubomoaji. Inafanana na kazi iliyopunguzwa kasi kila upande: mishipa iliyopo inabaki, ila haiongezwi kwa kadiri itakayohitajika mwezi mmoja au miwili mbele. Kijusi cha siku ya 81 hakina shida kwa sababu ni kidogo, mahitaji yake ni madogo, na kondo dogo linamtosha. Deni linakuja kudaiwa baada ya siku ya 100, pale kijusi kinapotaka kuongezeka kilo baada ya kilo na kivuko hakijapanuka.

Kipimo cha mtiririko wa damu kinakubaliana na usomaji huu. Kondoo waliovishwa kipima-mtiririko kwenye ateri ya uterasi walionyesha kwamba karibu siku ya 88, walioshibishwa walikuwa tayari chini kwa kama asilimia 40. Damu iliendelea kupanda kwa makundi yote mawili kadiri mimba ilivyosonga, lakini walioanza nyuma walibaki nyuma.

Kuna matokeo mengine ambayo mara nyingi hutajwa kwa kupita tu, nami nayaona ya uzito mkubwa. Mwishoni mwa mimba, ukipima kiasi cha glukosi na oksijeni kinachovuka kwa kila gramu ya kondo, kondo la kondoo aliyeshibishwa halina dosari kubwa. Kila gramu inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba gramu zenyewe ni chache. Hili linatuondolea mashaka kwamba labda vibebaji vya glukosi vimeharibika, au kwamba mafuta yamevuruga utando wa kondo. Shida ni ya ukubwa wa kiungo na wa mtiririko unaokifikia, na ukubwa huo uliamuliwa mapema.

Mapema kiasi gani?

Jaribio lililonishawishi zaidi kuliko yote halikugusa VEGF hata kidogo. Lilichapishwa 1999. Wallace alichukua kondoo wachanga, na siku ya 50 akabadilisha milo ya baadhi yao. Walioanza na shibe wakapunguziwa, walioanza na kiasi wakafunguliwa wale watakavyo, na makundi mengine mawili yakaendelea kama yalivyoanza. Waliopunguziwa siku ya 50 walipata kondo na mwana wanaolingana na wale waliolishwa kwa kiasi tangu mwanzo. Waliofunguliwa siku ya 50 waliangukia shimo lilelile la walioshiba tangu mwanzo.

Hapo tunapata mpaka. Siku 50 za shibe hazikuacha kovu lisilofutika. Siku 50 za lishe ya kiasi hazikutoa kinga. Kinachoamua ni kinachotokea baada ya hapo, na kipindi kinachofuata mara moja, siku ya 50 hadi 80, ndicho plasentomu zinapokua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. VEGF na wenzake walikutwa wameshuka mwishoni kabisa mwa kipindi hicho.

Jaribio hili linasaidia pia kupima shaka ya zamani kuhusu projesteroni, homoni inayoitunza mimba. Kondoo anayekula sana huwa na projesteroni ndogo kwenye damu, kwa sababu ini linalopitiwa na damu nyingi baada ya mlo huisafisha homoni hiyo haraka. Ilikuwa rahisi kusema upungufu huo wa wiki za kwanza ndio uliokwaza kondo. Lakini walioshiba siku 50 kisha wakapunguziwa walipitia wiki hizohizo, na kondo lao likatengemaa. Projesteroni huenda ina sehemu yake, ila kuibebesha lawama yote kwa yaliyotokea kabla ya siku ya 50 hakusimami. Mimi ningeelekeza macho zaidi kwenye homoni za ukuaji wa mama: insulini na IGF-1 (homoni nyingine ya ukuaji, inayofanana na insulini) ziko juu, homoni ya ukuaji iko chini, mwili mzima umeamriwa kuweka akiba kwenye misuli na mafuta. Kondoo aliyekomaa, ambaye hana tena ukuaji wake wa kuutimiza, akilishwa vivyo hivyo hadumazi mwana kwa kiwango hiki.

Mlinganisho na njaa nao unafundisha. Kondoo mchanga akilishwa pungufu, mwana huzaliwa mwepesi pia, lakini pengo ni dogo kuliko la shibe, na kondo hubaki na uzito wake wa kawaida. Kule kivuko ni kizima, mizigo ni michache. Huku mizigo imejaa ng'ambo, kivuko ni kifinyu. Kwa mizani, wanakondoo hao wawili wangewekwa kwenye safu moja ya "wazito pungufu", na yeyote angeandika ushauri mmoja wa kuongeza chakula. Kwa mmoja wao ushauri huo ndio sumu.

Njia nyingine ya kufika pabaya hapo hapo ni joto. Katika majaribio yanayojulikana sana, kondoo mwenye mimba hukaa kwenye nyuzijoto 40 kwa saa 12 na 35 kwa saa 12 zinazofuata, kuanzia karibu siku ya 40, kwa wiki nyingi. Kondo hudumaa vibaya na kijusi karibu na kuzaa huweza kuwa chini kwa asilimia 40 hadi 50. Sitaingia ndani zaidi, ila dirisha la siku ni lilelile.

Sababu au matokeo?

Sasa nirudi kwenye ule mzunguko. VEGF huongeza nitriki oksidi, nitriki oksidi huongeza damu, damu huongeza msuguano, msuguano huongeza nitriki oksidi. Ukikuta vyote vimeshuka siku ya 81, kipi kilitangulia? Inawezekana agizo la VEGF lilififia na damu ikafuata. Inawezekana pia ateri za uterasi zilinyimwa damu kwanza na maagizo yakapungua kwa sababu tishu ilikua polepole. Kipande cha kondo kilichochukuliwa siku moja hakiwezi kukata shauri hilo, hata kikipimwa kwa ustadi gani.

Mtu anaweza kuuliza pia kwa nini upungufu wa oksijeni haurekebishi mambo wenyewe. Seli ikikosa oksijeni, protini iitwayo HIF-1 huacha kuvunjwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni ya VEGF. Kwa kugundua jinsi seli zinavyohisi oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya 2019. Je, kijusi kinachokosa oksijeni hakipaswi kuamsha VEGF na kujiokoa? Jibu langu ni la kalenda. Upungufu wa oksijeni unakuwa mkali mwishoni, wakati uzito wa plasentomu umekwisha kusimama. Agizo likipanda wakati huo linaweza kuongeza matawi ndani ya tishu iliyopo. Haliwezi kuotesha tishu ambayo haikuwahi kuwapo.

Njia ya kupima kama VEGF ni sababu ni kuirudisha na kutazama. Anna David na David Carr wa chuo kikuu cha UCL, London, pamoja na Wallace, walifanya hivyo hasa. Walitumia adenovirusi, aina ya kirusi kinachotumiwa kama chombo cha kusafirisha jeni, iliyobebeshwa jeni ya VEGF, wakaidunga kwenye ateri zote mbili za uterasi za kondoo wachanga walioshibishwa, katikati ya mimba. Adenovirusi haidumu, jeni yake hufanya kazi kwa muda mfupi kisha hupotea. Hata hivyo kasi ya ukuaji wa vijusi, ikipimwa kwa ultrasaundi, iliongezeka, na vijusi vilivyodumaa sana vilikuwa vichache kuliko kwa kondoo waliodungwa bila VEGF. Matokeo hayo yalichapishwa 2014.

Nayasoma kwa furaha na kwa breki. Yanaonyesha kwamba ukigusa agizo hili katikati ya mimba, hatima ya kijusi inabadilika hata mama akiendelea kula vilevile. Hayaonyeshi kwamba kushuka kwa VEGF ndiko kulikoanzisha yote, kwa sababu dawa inaweza kusaidia mahali ambapo si chanzo. Wala tusivuke haraka kutoka kwa kondoo hadi kwa mama wa kibinadamu, ingawa mradi wa Ulaya uitwao EVERREST ulianzishwa 2013 kwa lengo la kuipeleka tiba hii kwa wanawake wajawazito. Kwa mwanamke, seli za kondo huingia ndani ya ateri za uterasi na kuzijenga upya, jambo ambalo kwa kondoo halitokei kwa namna hiyo. Na kwa wanawake wengi wenye kifafa cha mimba, kondo humwaga kipokezi VEGFR-1 kilichokatika, kikaelea kwenye damu na kunasa VEGF na PlGF kabla hazijafika. Kwa kondoo wetu agizo halikutolewa vya kutosha. Kwa mwanamke huyo linatolewa, linakamatwa njiani.

Kwa anayefuga, dawa ya kisa hiki haihitaji sindano. Kondoo jike aliyepandwa akiwa bado anakua apewe chakula cha kuongeza uzito polepole tu katika theluthi mbili za kwanza za mimba, akiangaliwa asikonde. Hivyo ndivyo walivyolishwa wale wa kulinganishia huko Aberdeen. Baada ya siku ya 100, walipoongezewa mgao kidogo kidogo kufuata mahitaji ya kijusi, kondo lao lilikuwa tayari limeshajengwa.